Usibadilishe Tarehe Tu: Kupanga Mwaka wa Kemia, Kidato cha Tatu

Leo barua moja imekula kona nzima, na nimeiachia kwa moyo mmoja kwa sababu najua ni wengi mnaoishi na swali hilo hilo kila Desemba.

Aliyeandika ni mwalimu mpya, msichana aliyepangiwa shule ya kata. Amefika akakuta mwalimu wa kemia ni yeye peke yake, na amekabidhiwa Kidato cha Tatu chenye wanafunzi 80. Mkuu wa shule anataka azimio la kazi mezani kabla shule hazijafunguliwa. Mwenzake wa fizikia, kwa nia njema kabisa, amempa azimio la mwaka juzi lililoachwa na mwalimu aliyehama, akamwambia: "Badilisha tarehe tu, hakuna anayelisoma." Mdogo wangu anauliza: nibadilishe tarehe, au nianze upya? Na nikianza upya, nianzie wapi?

Haya mdogo wangu, vuta kiti tuongee.

Kwanza, azimio hilo la zamani usilitupe. Lina faida, ila siyo hiyo uliyoambiwa. Lichukue, halafu omba shajara ya somo ya mwaka ule ule, uyaweke pamoja. Azimio linakuambia mwenzako alikusudia nini. Shajara inakuambia alifika wapi. Kama shajara imepotea, tafuta daftari la kemia la mwanafunzi yeyote aliyemaliza Kidato cha Tatu hapo hapo shuleni, yule mwenye mwandiko mzuri anayeandika tarehe kila siku. Pekua uone kazi za Juni zinahusu nini, na daftari limeishia mada gani. Mara nyingi utakuta mada ya moli imepita kwa kurasa chache, titresheni imeandikwa nukuu bila jaribio hata moja, na mada mbili za mwisho hazipo kabisa. Ukishaona hivyo, umeshajua ni wapi mpango ule ulikatikia. Kubadilisha tarehe ni kukatikia pale pale kwa mara ya pili.

Sasa nikupe neno langu kubwa la leo, mengine yote yanatokana nalo: kupanga mwaka ni kuamua mapema utakwenda polepole wapi. Muhtasari umeshakupa mada. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vimeshakupa maelezo. Kitu ambacho hakuna aliyekupa ni uamuzi wa mada ipi ipate wiki sita na ipi ipate wiki moja na nusu. Uamuzi huo usipoufanya Desemba ukiwa umetulia, utafanywa na Oktoba ukiwa unakimbizana.

Hesabu wiki zako kweli kweli

Kalamu na kalenda ya mihula ya Wizara, basi. Mwaka wa masomo unazunguka siku 194, yaani wiki kama 39. Mwalimu mgeni huandika azimio la wiki 39, na hapo ndipo shida inapozaliwa. Hebu tuzipunguze pamoja.

Wiki ya kwanza ya Januari ni ya usafi, uandikishaji na ratiba isiyotulia. Toa moja. Mitihani ya nusu muhula na ya mwisho wa muhula, ukijumlisha mihula yote miwili, inakula nne. Michezo, mahafali, ziara za viongozi na siku ambazo darasa zima limeitwa uwanjani, toa moja nyingine. Halafu Novemba. Mdogo wangu, Novemba siyo yako. Kidato cha Nne wako kwenye mtihani wa taifa, Kidato cha Pili wako kwenye upimaji wao, madarasa yamechukuliwa, maabara imefungwa, na wewe mwenyewe pengine umepelekwa kusimamia mtihani shule nyingine. Toa tatu. Jumla umetoa tisa, zimebaki 30.

Tuseme ratiba inakupa vipindi 4 kwa wiki vya dakika 40. Wiki 30 mara vipindi 4 ni vipindi 120. Huo ndio utajiri wako wa mwaka mzima. Kama shule yako inatoa vipindi vitatu au vitano, piga hesabu upya, lakini usiruke hatua hii hata siku moja.

Gawa vipindi kwa uzito wa mada

Mimi ningevigawa hivi, kwa mada za Kidato cha Tatu tulizozizoea. Kama kidato chako kimeshaingia mtaala ulioboreshwa, majina na mpangilio vitabadilika, lakini namna ya kufikiri ni ile ile.

Milinganyo ya kikemikali, vipindi 12. Dhana ya moli, 24. Asidi, besi na chumvi, 14. Uchambuzi wa ujazo, yaani titresheni, 18. Mwendo wa mmenyuko, msawazo na nishati, 14. Nadharia ya ayoni na elektrolisisi, 14. Uziduaji wa metali, 6. Kampaundi za metali, 8. Ugumu wa maji, 6. Jumlisha: 116. Vinne vilivyobaki havina mada. Viandike "akiba", na mtu yeyote akikuuliza mwambie ni vya siku utakayougua, siku ya msiba, na siku darasa litakapokuangalia kwa macho makavu ujue lazima urudie.

Najua umeshtuka kuona moli ina vipindi 24. Wenzako watakwambia hiyo ni anasa. Sikiliza sababu. Moli ikilegea, titresheni imelegea. Titresheni ikilegea, mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne uko mashakani. Hesabu za elektrolisisi zinataka moli. Za nishati zinataka moli. Hata kutengeneza myeyusho tu kwenye maabara kunataka moli. Wakati huo huo, mtoto aliyekosa kipindi kimoja cha uziduaji wa metali atasoma kitabuni usiku mmoja na kuelewa. Aliyekosa moli hawezi kuiokota njiani.

Wiki sita hizo zigawe hivi. Ya kwanza, kuhesabu kwa kupima: kipe kila kikundi punje 100 za mchele wazipime, kisha wakadirie kikombe kizima kina punje ngapi bila kuzihesabu. Wakishaliona hilo kwa macho yao, uzito wa atomu unaingia bila vita. Ya pili, kutoka gramu kwenda moli na kurudi. Ya tatu, idadi ya chembe na ile namba ya Avogadro, 6.02 × 10²³. Hapa kaa karibu na mwalimu wa hisabati umuulize watoto wameelewa kiasi gani namba za kipeo cha kumi, kwa sababu wengi wanaofeli hapa kemia wanaijua, kilichowashinda ni hesabu. Ya nne, ujazo wa gesi, lita 22.4. Ya tano, mkolezo wa myeyusho, na siku hiyo watengeneze myeyusho kwa mikono yao, hata wa chumvi ya mezani. Ya sita, kuunganisha yote hayo na mlinganyo uliosawazishwa. Sasa unaona kwa nini milinganyo lazima itangulie.

Mpangilio: nini kitangulie

Usifuate kurasa za kitabu kwa upofu. Jiulize mada ipi inabeba nyingine. Muhula wa kwanza una wiki kama 16, vipindi 64. Anza na milinganyo, kisha moli, kisha asidi na besi, halafu ingia titresheni na uifundishe vipindi 14 kabla ya likizo ya Juni. Hapo umetimiza 64 kamili. Vinne vya titresheni vilivyobaki usivitumie kwa mkupuo. Viweke Agosti na Oktoba, viwili viwili, ili mkono wa mtoto usisahau bureti. Muhula wa pili una wiki 14, vipindi 56: hivyo vinne, mwendo wa mmenyuko, elektrolisisi, metali, ugumu wa maji na akiba yako.

Ugumu wa maji niliuweka mwisho kwa makusudi. Mwishoni mwa Oktoba maabara inaanza kuandaliwa kwa ajili ya Kidato cha Nne, wewe na darasa lako mnatolewa nje. Mada hii haihitaji maabara. Waambie walete maji ya kisima, ya mvua na ya bomba kwenye chupa za soda, ukwangue sabuni ya mche, uiyeyushe, wahesabu matone mpaka povu likae. Kama uko Dodoma ndiyo kabisa, maji yenyewe yatafundisha. Ila usitumie sabuni ya unga, hiyo inatoa povu hata kwenye maji magumu na jaribio lako litaharibika mbele ya watoto.

Tahadhari moja: kama wilaya au mkoa wenu una mtihani wa pamoja wa muhula, pata orodha ya mada zao kabla hujapangua. Mpango wako usiwaponze watoto kwa mada ambazo hawajazifikia.

Vitendo vinapangwa kabla ya nadharia

Hapa ndipo maazimio mengi yanapodanganya. Safu ya "zana" imeandikwa bureti, pipeti, flaski, asidi. Ukifika siku yenyewe, kabati limefungwa na ufunguo anao mtu aliyesafiri. Kwa hiyo kabla hujaandika wiki hata moja, ingia maabara na daftari. Hesabu bureti zinazofanya kazi, siyo zilizopo. Fungua chupa. Soma lebo. Chupa isiyo na lebo iweke pembeni na usikisie kilichomo.

Sasa nikuondolee hofu moja kubwa. Wengi tunasema "hatuna kemikali" bila kupiga hesabu. Wanafunzi 80 katika vikundi vya wanne ni vikundi 20. Kila kikundi kikifanya titresheni nne, moja ya kukadiria na tatu za uhakika, kwa mililita 25 kila moja, ni mililita 100 za besi. Weka 150 kwa ajili ya kusuuza na kumwaga kwa bahati mbaya. Vikundi 20 vinataka lita 3. Sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita inahitaji gramu 4 kwa kila lita, kwa hiyo lita 3 ni gramu 12. Gramu 12 tu! Kopo la gramu 500 linakutosha kwa jaribio hilo mara 41. Upande wa asidi, haidrokloriki kali ile ya asilimia 36 unahitaji kama mililita 26 kupata lita 3 za myeyusho wa moli 0.1. Chupa ya lita mbili na nusu utawaachia warithi.

Ila kopo hilo la haidroksaidi lifunge vizuri kila mara, kwa maana linavuta unyevu na hewa ya kaboni dayoksaidi, ukaja kupima gramu 4 ambazo siyo gramu 4. Na asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi. Hilo liandike ukutani kwa herufi kubwa, pamoja na katazo la kuvuta pipeti kwa mdomo. Ndoo ya mchanga, ndoo ya maji safi na madirisha wazi viwepo kabla mtoto hajaingia.

Kwa hiyo kemikali siyo tatizo; tatizo lako la kweli ni vyombo. Una bureti 10? Fanya zamu: vikundi 10 vinafanya jaribio, vikundi 10 vinapiga hesabu kwa takwimu ulizowaandalia, kisha wanabadilishana. Una mbili? Nenda duka la dawa ununue bomba za sindano za mililita 10, bila sindano. Tumia mililita 5 za besi badala ya 25, watoto watahesabu tone kwa tone. Mtihanini watakutana na bureti halisi, kwa hiyo hizo mbili zizungushe kila kikundi kizishike, lakini kanuni watakuwa wameshaielewa.

Mengine yako sokoni. Choya ukiichemsha inakupa kiashirio kinachowaka chekundu kwenye asidi na kugeuka kijani kwenye besi. Inafaa kabisa kwa mada ya asidi na besi, ila usiitegemee kwa titresheni ya uhakika. Ndimu, siki, magadi na maji ya majivu ndizo asidi na besi zako za wiki ya kwanza. Mrututu unapatikana kwenye maduka ya pembejeo, na ile fimbo nyeusi ya kaboni iko katikati ya betri za kawaida za redio. Ukiwa na hivyo viwili na betri nzima mbili tatu, elektrolisisi imeanza, na watoto wataona shaba nyekundu ikijipaka kwenye fimbo ya hasi. Betri hizo zifungue wewe mwenyewe ukiwa na glavu, na betri za simu usiziguse kabisa.

Uziduaji wa metali nimeupa vipindi sita, lakini usiufanye mkavu. Nchi yetu ina dhahabu Geita, chuma Liganga, nikeli Kabanga. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuri ndefu za udongo kabla ya yeyote kuwafundisha mlinganyo wake. Mtoto anayeanzia hapo anakuwa na hamu ya kujua kaboni inafanya nini ndani ya tanuri.

Kabla ratiba haijabandikwa

Mwone mtaaluma mapema, ikibidi umpigie simu wakati wa likizo. Mwombe vipindi viwili kati ya vinne viwe vimeshikamana. Titresheni ya dakika 40 haipo: ukitoa vifaa dakika 10 na kuosha dakika 10, kilichobaki ni kugombana. Mwombe pia vipindi hivyo viwekwe mara tu baada ya mapumziko, upate nafasi ya kupanga meza. Baada ya ratiba kubandikwa, kila mwalimu ameshazoea chake na utaonekana msumbufu.

Mkuu wa shule naye usimpelekee kilio, mpelekee karatasi. Ruzuku ya uendeshaji ipo, ila kila somo linaivizia. Anayekuja Januari na orodha ya vitu sita, kiasi, bei na wiki vitakavyotumika, huyo ndiye anayesikilizwa. Anayekuja Mei akisema "hatuna vifaa" anaambiwa asubiri.

Wiki ile ya kwanza uliyoitoa

Ile wiki ya usafi usiiache ipite bure. Siku utakayopata darasa, hata robo tatu yake, toa jaribio fupi la maswali 15: alama za elementi, valensi, kuandika fomula, kutofautisha atomu na molekuli. Yote ni ya vidato vilivyotangulia. Usilipe alama za kutisha. Unatafuta kujua tu nani hajui kuwa kaboneti ina valensi mbili, kwa sababu huyo hatasawazisha mlinganyo hata umfundishe mpaka usiku. Kama nusu ya darasa imekwama hapo, vipindi viwili vya kwanza vya milinganyo vifanye vya marudio, ukijua unachokifanya.

Na kumbuka kemia inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wengi wa watoto hao hawaongei Kiingereza popote pengine. Kila kipindi weka dakika tano za kuandika: sentensi mbili kamili za kueleza walichokiona. Anayejua kuwa rangi imebadilika lakini hawezi kuiandika, karatasini hana alama.

Kusahihisha nako kupangwe

Daftari 80 kwa dakika tatu kila moja ni saa nne. Ukitoa kazi mara tatu kwa wiki, ni saa 12 za kalamu nyekundu, bado hujala, hujalala, hujampigia mama. Panga: kazi moja kwa wiki unaisahihisha yote, nyingine wanabadilishana daftari na kusahihishiana wewe ukiandika majibu ubaoni, na Ijumaa swali moja kwenye robo karatasi. Hizo robo karatasi zitenge mafungu mawili tu, waliopata na waliokosa. Fungu la waliokosa likiwa nene, Jumatatu huendi mbele.

Mwisho, ile safu ya "maoni" kwenye azimio, ambayo kila mtu anaandika "imefundishwa" mpaka chini. Wewe iandike ukweli: "vipindi 4 vimezidi, hesabu za gesi bado", "jaribio halikufanyika, hakukuwa na maji". Mdhibiti ubora akija, atakuheshimu zaidi kwa maoni hayo kuliko kwa mstari ulionyooka. Na Desemba ijayo hutahitaji azimio la mtu mwingine.

Maswali mafupi niliyoyapata wiki hii

*Dada, mimi ni mjamzito na natarajia kuanza likizo ya uzazi mwanzoni mwa Mei. Nipangeje mwaka?*

Hongera sana mdogo wangu. Sheria inakupa siku 84, na 100 kama ni mapacha. Ukianza tarehe 1 Mei, siku 84 zinaisha 23 Julai, na katikati hapo kuna likizo ya shule, kwa hiyo darasa linakukosa wiki chache kuliko unavyodhani. Maliza moli wewe mwenyewe kabla hujaondoka. Mwalimu atakayekushikia, ambaye huenda ni wa baiolojia, mwachie metali na kampaundi zake, mada zinazosomeka, pamoja na nukuu na maswali tayari. Titresheni ipeleke Agosti ukiwa umerudi, na andika mabadiliko hayo kwenye azimio sasa hivi ili mkuu wa shule ayasaini. Na kwenye maabara, kumimina asidi kali na majaribio yenye gesi ya salfa dayoksaidi, kama lile la thayosalfeti na alama ya msalaba, mwachie fundi sanifu au mwenzako. Usione haya kusema hapana.

*Dada, wenzangu wananicheka kwa kuandika "akiba" kwenye azimio. Wanasema ni uvivu.*

Waache wacheke mpaka Agosti. Mpango usio na akiba unaishi kwa kuiba: unaiba vipindi vya vitendo, kisha unaiba Jumamosi za watoto, kisha unaiba usingizi wako. Kama hujavitumia vile vinne mpaka Oktoba, vifanye titresheni ya tatu, uone nani atakucheka.

*Dada, niko peke yangu, sina wa kumuuliza kemia.*

Shule ya kata jirani naye yuko mmoja, na anasema hivyo hivyo. Mtafute. Mkikutana kwenye mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) msikae kimya; ombeni kikao cha walimu wa kemia peke yenu. Linganisheni maazimio, pangeni titresheni wiki tofauti ili bureti 10 zenu na 10 zao ziwe 20 kwa kila shule kwa zamu. Mkiandikiana hati ya kuazimana vifaa na wakuu wenu wakasaini, hakuna atakayelala na wasiwasi.

Basi mdogo wangu, mpaka Jumapili hii nataka mambo matatu tu: kalenda imepunguzwa wiki, bureti zimehesabiwa, na mtaaluma amepigiwa simu. Azimio lenyewe utaliandika kwa jioni mbili, kwa sababu maamuzi yote yatakuwa yameshafanyika. Likikamilika niandikie uniambie moli umeipa vipindi vingapi. Ukiipa chini ya 20, tutagombana.